Picha za Madaraja Usiku: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Shata Inayoachwa Wazi

Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, lililoanza kutumika mwaka 2022, limepita juu ya maji ya bahari mashariki ya Daraja la Salenda kwa urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, likiunganisha eneo la Hospitali ya Aga Khan na upande wa ufukwe wa Coco. Kusini ya jiji, juu ya mkono wa bahari wa Kurasini, liko Daraja la Nyerere, ambalo wengi hulitaja kwa jina la Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680 na nyaya zilizotandazwa kutoka kwenye minara yake, na ambalo lilifunguliwa Aprili 2016. Nimepiga picha za madaraja haya mawili usiku kwa miaka kadhaa, na mara nyingi nimesimama bega kwa bega na wapigapicha wenye vifaa bora kuliko vyangu, waliokuwa wakihangaika na makosa ambayo hayakutokana na uzembe wala umaskini wa vifaa, bali na mambo waliyoambiwa na kuyaamini bila kuyapima.

Makosa hayo karibu yote yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba kamera huona kama jicho. Jicho hutazama kinachotokea sasa na kukiacha kipite, ilhali sensa ya kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, shata (pazia lililo mbele yake) inapokuwa wazi, hujumlisha mwanga wote unaoifikia, kama pipa lililotegwa kukinga maji ya mvua, ambalo halijui tone lipi lilitangulia wala lipi lilifuata, bali hupokea kila tone hadi lijae. Mtu akilishika jambo hili barabara, sehemu kubwa ya yanayofuata hapa ataweza kuyakisia mwenyewe.

“Ukiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, michirizi ya magari itang’aa zaidi”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wengi waharibu taa za daraja huku wakitafuta michirizi minene ya mwanga barabarani. Wanaona michirizi imefifia katika picha ya sekunde 10, wanaongeza muda hadi sekunde 20, kisha 30, na kila mara taa za nguzo zinazidi kuwa madoa meupe yasiyo na umbo, lakini michirizi yenyewe inabaki na wekundu uleule hafifu.

Ukweli ni kwamba ung’avu wa mchirizi wa gari moja hautegemei muda wa shata. Tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri mita 14 hivi kwa sekunde. Taa yake ya nyuma, tuseme ina upana wa sentimita 15, huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kuvuka nukta yoyote ya barabara. Kwa hiyo pikseli, yaani chembe ya sensa, inayotazama nukta ile huonja mwanga wa taa hiyo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde tu, shata iwe imefunguliwa kwa sekunde 5 au kwa dakika nzima, kwa sababu gari likishapita halirudi. Nguzo ya daraja, kwa upande wake, imesimama palepale na inaendelea kumwaga mwanga kwenye pikseli zake kwa muda wote. Ukiongeza muda maradufu, nguzo inapata mwanga maradufu, na mchirizi wa gari lile unabaki ulivyokuwa.

Kinachobadilisha ung’avu wa mchirizi ni mambo matatu: ukubwa wa tundu la lenzi, kiwango cha ISO (kiasi ambacho kamera hukuza mwanga ilioupokea), na mwendo wa gari lenyewe. Ndiyo maana magari yaliyo kwenye foleni huacha michirizi mizito, na gari lililosimama huacha doa. Muda wa shata unatawala jambo jingine, yaani urefu wa mchirizi na idadi ya magari yatakayoingia pichani. Gari la mwendo ule niliotaja huhitaji sekunde zaidi ya 70 kulivuka Daraja la Tanzanite kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Lakini kwa kuwa magari hufuatana, sekunde 25 au 30 za jioni yenye magari mengi hutosha kuunganisha mistari hadi macho yaione kuwa mmoja. Magari mengi yakipita katika njia ileile, michirizi yao hupandana na kuongezeka nguvu, na hilo ndilo linalowapotosha watu wadhani kwamba ni muda uliofanya kazi, kumbe ni wingi wa magari.

Mpangilio unaofaa, basi, ni huu: chagua tundu na ISO kwa ajili ya michirizi, kisha chagua muda kwa ajili ya daraja. Mimi huanza na tundu la f/8 (namba ya f ikipungua, tundu huwa pana zaidi), ISO 100 na sekunde 15, naangalia michirizi kwanza, na ikiwa imefifia nafungua tundu hadi f/5.6 huku nikipunguza muda hadi sekunde 8, jambo ambalo huliacha daraja karibu na mwanga uleule huku michirizi ikizidi kung’aa.

Katika nchi zetu ambako magari hupita kushoto, picha inayotazama kando ya barabara huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto na nyeupe upande wa kulia. Ukiiona picha inayosemekana kuwa ya daraja la Dar es Salaam au Mombasa ikiwa na rangi hizo kinyume, ama imegeuzwa kama katika kioo, ama ni ya mahali pengine.

“Magari yenyewe yataonekana, ila yatakuwa na ukungu”

Hayaonekani kabisa, na mfano wa jambo hili ni wa zamani kuliko taa za umeme. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, barabara iliyokuwa na shughuli nyingi za watu na magari ya farasi, lakini katika picha ile barabara inaonekana tupu. Bamba lake la kupigia picha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kila kilichokuwa kikitembea hakikukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuacha alama. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama, anavyoonekana, akisafishwa viatu.

Kwenye daraja la leo mambo ni yaleyale, isipokuwa taa za magari zina nguvu ya kujiandika wakati bodi za magari hazina. Manufaa yake ni makubwa kwa mtu anayetaka kupiga picha ya daraja lenye watembea kwa miguu wengi: kwa sekunde 30, wapitaji hutoweka na njia yao hubaki tupu, mradi asisimame mtu kuzungumza na simu yenye kioo kinachowaka. Hasara yake hudhihirika pale daraja lenyewe linapotembea. Daraja la waenda kwa miguu lililoelea juu ya maji pale Liwatoni, Mombasa, lililofunguliwa mwaka 2021, lilikaa juu ya maboya, na kitu kinachoelea hupanda na kushuka na mawimbi. Kwenye daraja la aina hiyo hakuna tripodi itakayosaidia, bali ni kupunguza muda hadi sekunde moja au mbili na kungoja kivuko au meli iliyopita iache maji yatulie.

“Usiku ni giza, kwa hiyo ni lazima kupandisha ISO”

Kupandisha ISO ni dawa ya mtu anayeshika kamera mkononi. Aliye na tripodi hana ugonjwa huo. Kwa kuwa sensa hujumlisha, sekunde 16 kwa ISO 100 hukusanya mwanga mara kumi na sita ya ule wa sekunde moja kwa ISO 1600, ingawa picha mbili hizo zitaonekana na mwangaza sawa. Ya kwanza itakuwa imejengwa kwa mwanga halisi, na ya pili kwa mwanga kidogo uliokuzwa pamoja na chengachenga zake, yaani nukta zisizotakiwa. Zaidi ya hayo, ISO ndogo kwenye kamera nyingi huacha nafasi pana zaidi kati ya kivuli na taa, na picha ya daraja usiku ni vita vya vivuli na taa tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo ISO kubwa ina kazi moja nzuri ambayo wengi hawaijui, nayo ni kupima. Badala ya kungoja sekunde 64 ili kujua kama umepanga picha vizuri, weka ISO 6400 na upige kwa sekunde moja. Utaona mpangilio, ulalo wa upeo na kiwango cha mwanga papo hapo. Ukiridhika, rudi ISO 100 na uzidishe muda mara 64. Hesabu hiyo hufanya kazi sawasawa kwenye kamera za dijitali. Wale wanaosisitiza kwamba lazima uongeze muda wa ziada kila unapovuka sekunde moja wanakumbuka filamu, ambayo hisia yake kwa mwanga hafifu hupungua kadiri muda unavyorefuka. Tabia hiyo haiko kwenye sensa.

“Funga tundu hadi f/22 ili kila kitu kiwe kikali na taa zitoe nyota”

Kuna ukweli nusu hapa, na ukweli nusu ni mgumu kuung’oa. Ni kweli kwamba tundu dogo hufanya taa zitoe miali kama nyota. Lakini mwanga ukilazimishwa kupita kwenye tundu dogo hutawanyika, na kwa f/22 hata nukta ndogo kabisa ya mwanga huchorwa kama doa lenye upana wa takriban mikroni 30, wakati pikseli za kamera nyingi zina upana wa mikroni 4 hadi 6. Nyaya za Daraja la Nyerere, ambazo ndizo uzuri wake, huwa za kwanza kulainika na kupoteza makali. Kwa f/8 doa hilo hupungua hadi mikroni 11 hivi. Ninapotaka nyota na nyaya kwa pamoja huishia f/11 na kamwe sivuki f/13.

Idadi ya miali ya nyota nayo haihusiani na taa wala daraja, kama wengine wanavyodhani. Inatokana na mabamba yanayounda tundu ndani ya lenzi. Yakiwa ni shufwa, miali hulingana na idadi yake, hivyo mabamba 8 hutoa miali 8. Yakiwa ni witiri, miali huwa maradufu, hivyo 7 hutoa 14 na 9 hutoa 18. Mtu anayejua hili huweza kuitazama picha ya daraja na kukisia aina ya lenzi iliyotumika.

“Tripodi nzito inatosha”

Tripodi haiwezi kuwa imara kuliko kile ilichosimamishwa juu yake. Daraja hutikisika, na limejengwa litikisike. Lori likipita, njia ya waenda kwa miguu hutetemeka pamoja na kamera yako, na tetemeko dogo usilolisikia kwa miguu hutosha kuzifanya taa za mbali ziwe na mikia. Picha kali za daraja hupigwa kutoka nchi kavu. Nikilazimika kusimama juu ya daraja lenyewe, hukaa karibu na nguzo, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo kuliko katikati ya nafasi iliyo wazi, na hufungua shata baada ya malori kupita.

Ufukweni adui ni mchanga. Miguu ya tripodi huzama polepole, hasa mahali ambapo maji yameondoka punde, na katika sekunde 30 kamera huweza kushuka kiasi cha kuharibu picha bila mwenyewe kutambua. Isukume miguu ndani ya mchanga kwa nguvu kabla ya kufunga kamera, au iweke juu ya mawe bapa. Usiinue shingo ya katikati, usiache mkanda wa kamera ukipepea kwa upepo, na usibonyeze kitufe kwa kidole halafu ukatarajia utulivu. Tumia kichelewesho cha sekunde 2 au rimoti. Kidhibiti cha mtikisiko kilicho ndani ya lenzi nacho kizimwe, kwa maana baadhi ya lenzi, hasa za zamani, zikikosa mtikisiko wa kurekebisha huutengeneza zenyewe.

Filta ya kulinda lenzi iondolewe pia. Taa za daraja hugonga kioo chake na kurudi pichani zikiwa vivuli vya kijani vilivyogeuzwa juu chini, na nimeona picha nyingi zilizosifiwa kwa “taa za ajabu angani” ambazo asili yake ilikuwa kioo hicho tu. Wala filta nyeusi ya kupunguza mwanga haihitajiki usiku ukishaingia.

“Zungusha lenzi hadi mwisho, hapo ndipo mbali kabisa”

Lenzi nyingi za kisasa huzunguka kupita alama ya kulenga vitu vya mbali kabisa, ili mota ya kulenga iwe na nafasi na joto lisiathiri kipimo. Ukizungusha hadi mwisho utapata daraja lenye ukungu ambao hutauona hadi ufike nyumbani. Elekeza kamera kwenye taa moja ya daraja, kuza taswira kwenye kioo cha nyuma mara kumi, lenga kwa mkono mpaka taa iwe ndogo kuliko inavyoweza kuwa, kisha zima mfumo wa kamera wa kujilengea wenyewe.

Kioo hicho cha nyuma kinafaa kwa kulenga, lakini kisiaminiwe kwa kupima mwanga. Macho yaliyozoea giza huona kila picha inang’aa, na ndiyo sababu watu hurudi na picha ambazo ufukweni zilionekana kamilifu na mezani zinaonekana kama zimefunikwa na masizi. Grafu ya mwanga, inayoonyesha vivuli kushoto na mwangaza kulia, haidanganyiki kwa giza. Iache igonge kidogo upande wa kulia kwa sababu ya taa zenyewe, ambazo haziwezi kuokolewa zote, lakini hakikisha rundo kubwa la picha halijabanwa upande wa kushoto.

“Chengachenga ni dalili ya kamera mbovu”

Nukta nyekundu, bluu na nyeupe zinazotapakaa kwenye picha ya dakika mbili au tatu husababishwa zaidi na joto. Sensa huzalisha umeme kidogo hata gizani, na umeme huo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za joto. Mtu anayepiga daraja la Ulaya katika usiku wa nyuzi 5 na mwenzake aliye Kigamboni katika usiku wa nyuzi 28, wakiwa na kamera ya aina moja, hawatapata picha za usafi sawa, na wa Kigamboni hana sababu ya kuilaumu kamera yake.

Kamera nyingi zina kipengele kinachopiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, kwa muda uleule, kisha kuiondoa kwenye ya kwanza. Watu hudhani kamera imekwama, wakaizima katikati na kuipoteza picha. Haijakwama, picha ya sekunde 60 itafuatiwa na kungoja kwa sekunde 60. Jioni, wakati mwanga wa anga unabadilika kila dakika, mimi hukizima kipengele hicho na kuchagua njia nyingine: picha nane za sekunde 15 badala ya moja ya dakika mbili, ambazo huunganishwa baadaye kwenye kompyuta. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Siwaafiki hata kidogo, kwa sababu kujumlisha ndiyo kazi ambayo sensa ingeifanya yenyewe, na sehemu nane zilizojumlishwa baadaye hazitofautiani kimsingi na dakika mbili zilizojumlishwa mara moja, isipokuwa mtu akipita na tochi mbele ya lenzi ataharibu sehemu moja badala ya zote.

Kuhusu rangi nitasema machache. Kamera haiwezi kuchagua rangi moja sahihi pale ambapo taa za zamani za manjano, taa nyeupe za LED na anga la jioni vimekutana. Hifadhi faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata, na uamuzi ufanyike mezani.

“Daraja ni mali ya umma, kwa hiyo hakuna ruhusa inayohitajika”

Daraja la Nyerere liko karibu na shughuli za bandari, na Kigamboni kuna kambi ya wanamaji. Maeneo ya kijeshi na mengine yanayolindwa kisheria hayapigwi picha bila idhini, na lenzi ndefu juu ya tripodi gizani haimwelezi askari kwamba unapenda nyaya za daraja. Niliwahi kuamriwa na mlinzi kufungasha vifaa vyangu wakati ambapo anga lilikuwa katika uzuri wake wa juu kabisa, na nilikuwa na makosa, kwa kuwa sikuwa nimejitambulisha kwa mtu yeyote. Tangu siku hiyo hufika mapema, mchana kungali kweupe, huwasalimu walinzi, hueleza ninachokusudia, na hubeba barua ya kazi pale inapokuwapo. Droni ina taratibu zake za vibali, tena ni kali zaidi.

“Simu haiwezi kazi hii”

Inaweza, ila kwa njia yake. Mtindo wa usiku kwenye simu hupiga fremu nyingi fupi na kuzilinganisha kabla ya kuzijumlisha, na kwa hiyo hujitahidi kufuta mwendo, michirizi ikiwamo. Anayetaka michirizi atumie mpangilio wa mkono, ambao kwenye simu nyingi huruhusu hadi sekunde 30, na aifunge simu kwenye kishikio imara. Tundu la lenzi ya simu kwa kawaida halibadiliki na ni kubwa, hivyo daraja lenye taa nyingi litaungua kabla ya sekunde 10 kutimia.

“Picha ya usiku hupigwa usiku wa manane”

Usiku wa manane anga ni jeusi, mpaka wa daraja na anga hupotea, na taa huonekana kama zimening’inia hewani. Wakati bora ni utusiutusi, jua likishazama na anga likiwa na rangi ya samawati iliyokolea ambayo jicho huiona kidogo lakini sensa huijumlisha kwa ukarimu. Tatizo ni kwamba maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, ambao huzungumzia saa nzima ya buluu kwa sababu kwao ipo. London mwezi Juni, jua huchukua zaidi ya dakika 45 baada ya kuzama kufikia nyuzi 6 chini ya upeo. Dar es Salaam, iliyo chini kidogo ya latitudo 7 kusini, jua hushuka karibu wima, na safari hiyohiyo huisha kwa dakika 22 hivi. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni kulingana na majira, na kipindi chenye thamani ni kuanzia dakika ya 15 hadi ya 35 baada ya hapo. Ukitoa muda wa kila picha, unabaki na nafasi ya fremu thelathini au arobaini za maana kwa jioni moja. Anayetazama mashariki kutoka upande wa Salenda aanze mapema zaidi, maana giza huanzia upande huo.

“Shata ya muda mrefu huyageuza maji kuwa kioo”

Maji yenye mawimbi madogo, yakijumlishwa kwa sekunde 30, hayawi kioo. Kila wimbi lilirudisha taa kwa pembe yake, na jumla yake ni nguzo ndefu za mwanga zinazoshuka wima kutoka kwenye kila taa, laini kama hariri lakini zisizo na umbo la daraja. Kioo halisi huletwa na upepo kutulia, na hapo sekunde 4 hufanya kazi sawa na 40. Katika majira ya kusi jioni za baharini huwa na upepo, na alfajiri ndiyo mara nyingi huleta utulivu.

Jambo kubwa zaidi, ambalo watu wa pwani wanalijua na wapigapicha wanalisahau, ni kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kina cha maji Dar es Salaam huzidi mita 3, na mahali palipokuwa na maji yanayong’aa chini ya daraja hubaki tope na mchanga unaomeza mwanga. Wengi huchagua siku ya mwezi mpevu wakiamini kwamba mwezi utawapa mwanga. Mwezi wenyewe, ukiwekwa katika picha ya sekunde 30 pamoja na daraja, huwa doa jeupe lililovutika kwa robo ya upana wake, kwa sababu husogea kiasi cha kipenyo chake chote kila dakika mbili, na ung’avu wake unahitaji sehemu moja ya mia mbili ya sekunde pale ambapo daraja linahitaji sekunde 15. Isitoshe, siku hizo za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hufikia kilele mnamo saa 10 alasiri, na kufikia utusiutusi yanakuwa yamekwisha kuondoka kwa zaidi ya saa mbili.

Kilele hicho huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa 12 na nusu jioni, bado yakiwa na nguvu ya bamvua, na mwezi, ambao nao huchelewa kila siku, hautachomoza kabla ya mnamo saa 2 usiku. Nimeziwekea alama siku hizo kwenye kalenda yangu ya mwaka mzima, na zisipokuwa na mvua hunikuta nimesimama upande wa Salenda tangu saa 11 jioni.